Kauntabuku ya kwaya mbili: daftari la mwandishi anayejishuku

Kama wewe ni mwandishi na kila ukikaa kuandika unajiona wa bandia, kwamba hadithi mbili tatu ulizochapisha zilipita kwa bahati na ipo siku watu watakushtukia, kitu bora unachoweza kununua dukani ni kauntabuku ya kwaya mbili. Imeishinda simu, imeishinda kompyuta, na imeyaacha mbali yale madaftari ya zawadi yenye jalada la ngozi na maneno ya kutia moyo juu ya kila ukurasa. Haiondoi shaka. Inaizuia shaka isifute kazi, na hapo ndipo wengi wanapoumia: mtu anaandika aya tatu usiku, asubuhi anaziona za aibu, anafuta, na mwezi ukiisha hana cha kuhariri wala cha kuonyesha. Kisha anauchukua utupu huo kuwa ushahidi kwamba kweli hakuwa mwandishi.

Aliyesoma sekondari huku kwetu anaijua vizuri: daftari la A4, jalada gumu, mgongo uliofungwa kwa kitambaa, mistari na pambizo. Kwaya moja ni karatasi 24 zilizokunjwa katikati, kwa hiyo inatoa kurasa 96. Kwaya mbili ni kurasa 192, tatu ni 288, nne ni 384. Kwa kazi hii chukua mbili. Kwaya moja inaisha kabla mazoea hayajakolea. Kwaya nne ni nzito kubeba, mgongo wake huchoka mapema, na kwenye kurasa za mwanzo na za mwisho kiganja kinakosa pa kuegemea kwa sababu ya unene. Tena daftari lenye kurasa 384 tupu linamtisha mtu ambaye tayari ana hofu.

Dukani usianze na jalada. Fungua katikati utafute uzi. Kauntabuku nzuri imeshonwa: karatasi zimekunjwa katika vitita, kila kitita kimepitishwa uzi kwenye mkunjo, kisha vitita vyote vikaunganishwa na kupakwa gundi mgongoni. Ukiuona uzi kwenye mkunjo, na ukivuta taratibu kurasa mbili za katikati zisicheze, umepata. Zipo zinazofanana nazo kwa nje lakini ndani zimegundishwa tu. Hizo ukizifungua mara kadhaa mpaka zilale bapa, kurasa zinaanza kuachia moja moja, na kwa mtu anayejishuku ukurasa ulioachia ni ukurasa utakaotupwa. Angalia pia karatasi ya kwanza na ya mwisho, zile zinazoshika jalada. Zikiwa na mapovu ya gundi au zimekunjamana, jalada litabanduka mapema. Halafu omba kujaribu kalamu kwenye kona ya ukurasa wa mwisho. Karatasi za kauntabuku nyingi ni nyepesi, na kalamu za jeli au za kujaza wino hupenya mpaka upande wa pili. Bolpeni ya kawaida ndiyo inayofaa. Haipenyi, haichafuki sana kwa jasho la kiganja na inauzwa kila kona. Penseli iache, kwa sababu inafutika, na kufutika ndiko tunakokukimbia.

Sasa kwa nini daftari la shule limsaidie mtu mzima mwenye shaka?

Hali hii ya kujiona tapeli ilielezwa mwaka 1978 na wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Georgia State, Marekani, Pauline Rose Clance na Suzanne Imes, waliofanya kazi na wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa katika masomo na taaluma zao. Jambo lao la msingi ni lile ambalo washauri wengi wa waandishi hulisahau: mafanikio hayaiponyi hali hii. Mtu anapewa shahada, cheo, sifa, na bado anabaki palepale, kwa sababu kila ushindi anaupatia sababu nyingine. Ilikuwa bahati. Walikosea kusahihisha. Mwalimu alinipenda. Ndiyo maana kumwambia mwandishi wa aina hii "wewe unaandika vizuri sana" hakufui dafu. Sifa inaingia, inatafutiwa sababu, inatoka. Hata tuzo inaweza kuongeza hofu, maana sasa kuna watu wengi zaidi wa kudanganya.

Ninachokiona mimi ni kwamba bahati inaweza kueleza tuzo, lakini haiwezi kueleza sentensi iliyokatwa mara nne ikasimama ya tano. Ushahidi anaouhitaji mtu huyu ni wa kazi aliyoifanya, hatua kwa hatua, kwa mwandiko wake, mahali asipoweza kuukana. Kompyuta huficha kazi hiyo. Faili la mwisho linaonekana safi, limenyooka, utadhani maneno yalishuka yenyewe, na mwenye shaka akilitazama haoni jasho lake. Akisoma kitabu cha mwingine napo anaona ukurasa safi tu, analinganisha fujo iliyo kichwani mwake na usafi wa mwenzake, na siku zote yeye ndiye anayeshindwa. Kauntabuku iliyojaa makato, mishale na maneno yaliyobanwa juu ya mstari inamwonyesha jinsi kazi inavyofanyika kwa kila anayeandika.

Waandishi wa Kiswahili wana shaka yao ya ziada, nayo ndiyo inayonifanya niitetee kalamu kwa nguvu zaidi. Kiunguja kilichukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya kukisimamia katika Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930. Tangu hapo mtu wa bara anaogopa kwamba Kiswahili chake kina harufu ya kilugha, na mtu wa Mombasa au Lamu, ambaye lahaja yake ina mashairi ya karne nyingi, anaogopa kwamba maneno ya nyumbani kwao si sanifu. Wote wawili wanahisi kwamba lugha ni ya mwingine. Mshairi Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwani kwenye Ziwa Viktoria, na mashairi yake huru yalipingwa vikali miaka ya 1970 na watetezi wa vina na mizani. Leo huwezi kueleza fasihi ya Kiswahili ukamruka.

Ongeza kompyuta juu ya hofu hiyo. Fungua programu ya kuandikia ambayo lugha yake ya ukaguzi ni Kiingereza, uandike "alivyowasimulia wenzake walipokuwa wakivuna karafuu". Kila neno linapigwa mstari mwekundu. Ukurasa mzima unakuwa mwekundu, na ingawa akili inajua kwamba mashine haijui Kiswahili, jicho linasoma kosa, kosa, kosa. Mwenye kujiamini atapuuza. Mwenye kujishuku ataandika polepole, atakwepa vitenzi virefu, na hatimaye ataanza kuchagua maneno kwa kuogopa rangi. Kwenye karatasi hakuna anayekupigia mstari ila wewe.

Matayarisho ya daftari huchukua kama nusu saa, na usiyaruke.

Zipe namba kurasa zote kwa mkono, kona ya juu ya nje, kuanzia 1 hadi 192. Inachosha, lakini ukurasa wenye namba hauchaniki kimyakimya. Ukitoka 46 ukaingia 49 utajua ulichofanya. Ukurasa wa 1 na wa 2 viache kwa yaliyomo: kila unapoanza kazi mpya, andika jina lake na ukurasa ilipoanzia. Kisha geuza daftari, uanzie nyuma, utenge kurasa 20 za kumbukumbu, nitaeleza za nini. Zilizobaki katikati ndizo za kuandikia, na utaandika upande wa kulia tu. Kushoto kunabaki wazi. Kwa mwandiko wa wastani ukurasa wa A4 unabeba maneno kama 250, kwa hiyo kurasa zaidi ya 80 za kulia ni kama maneno 20,000 ya rasimu. Hadithi fupi ya maneno 2,500 itakula kurasa kumi. Watu huona kuacha upande mmoja ni ubadhirifu wa karatasi, lakini ule upande wa kushoto ndio nusu ya thamani ya daftari.

Kila kikao andika tarehe na saa ya kuanza, na ukimaliza andika saa ya kumaliza. Basi. Usihesabu maneno. Hesabu ya maneno inamfaa mwandishi aliyeajiriwa kwa maneno. Kwa anayejishuku inageuka fimbo nyingine ya kujichapia. Dakika 30 zinatosha kwa kuanzia, siku tano kwa wiki, na kanuni ya kikao ni moja: kalamu hairudi nyuma kurekebisha mpaka aya iishe. Neno likikosekana, acha mstari mfupi uendelee. Ukitaka kukata, kata kwa mstari mmoja ulionyooka ili kilichokatwa kiendelee kusomeka. Usichore kisanduku cheusi juu yake. Mara nyingi sentensi ya kwanza iliyokatwa ndiyo inayorudi wiki ijayo ikafaa, na hata isiporudi, ni sehemu ya ule ushahidi.

Upande wa kushoto ndiko shaka inakopelekwa. Sauti inaposema "hii takataka", usibishane nayo na usiikimbie. Iandike kushoto, mkabala na mstari ilipotokea, halafu uilazimishe iseme ni neno gani hasa. Shaka ya jumla haina tiba. Shaka iliyotaja neno ni kazi ya uhariri. Chukua mfano huu. Kulia kumeandikwa:

"Bibi Mwanaidi aliondoka Pangani alfajiri akiwa na huzuni nyingi moyoni."

Kushoto mwandishi anaandika: "Ya kitoto." Anajiuliza, nini cha kitoto? Jibu: "huzuni nyingi moyoni", kwa sababu inamwambia msomaji ahuzunike bila kumpa cha kuona. Swali linalofuata linaandikwa hapo hapo kushoto: "Anaondokaje? Ameshika nini? Ameacha nini?" Siku ya pili, bado upande wa kushoto, inaandikwa:

"Bibi Mwanaidi alivuka na kivuko cha kwanza, ufunguo wa nyumba ukiwa bado mkononi."

Huzuni haikutajwa na ipo. Sauti iliyosema "ya kitoto" ilikuwa na jicho zuri na ulimi mbaya. Waandishi wengi wanaojishuku ni wasomaji makini kupita wenzao, wanahisi kasoro haraka, ila hawajazoea kuipa jina, kwa hiyo kasoro ya maneno matatu inageuka hukumu ya maisha mazima. Sijui zoezi lingine linalobadilisha mambo kama hili, na kurasa mbili zinazotazamana ndizo zinazoliwezesha. Kwenye skrini maoni hujificha pembeni, au hufutika ukishayashughulikia.

Shaka ya lugha nayo ina alama yake. Neno usilo na hakika nalo liwekee duara dogo, uendelee. Usiinuke kutafuta kamusi, maana ukiinuka hurudi. Mwisho wa wiki kusanya yale maduara yote uyapitie kwa mkupuo mmoja kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI au Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, na matokeo uyaandike kushoto. Mwenye hofu ya "Kiswahili changu kibovu" akiyapitia hivyo ataona sehemu kubwa ya maduara ilikuwa sawa tangu mwanzo. Neno la nyumbani kwenu likikosekana kwenye kamusi, si lazima liwe kosa. Kamusi zina mipaka, hasa kwa maneno ya uvuvi, kilimo na ufundi wa sehemu moja. Swali la kujiuliza ni kama msomaji ataling'amua ndani ya sentensi.

Kurasa 20 za nyuma ziwe na jedwali la aina mbili. La kwanza ni la kazi zilizotumwa: jina la kazi, ilikopelekwa, tarehe, jibu, na hatua inayofuata. Safu ya mwisho ndiyo inayookoa. Bila hiyo, "haikuchaguliwa" inasimama peke yake na kusomeka kama hukumu. Ikiwepo, inafuatiwa na "ipunguzwe mwanzo, itumwe kwingine kabla ya Machi". Tunazo tuzo zinazotangazwa hadharani, mfano Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu upande wa Tanzania na ile ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, na katika mashindano yoyote miswada mingi hurudi bila neno la maelezo. Kimya hakikuambii kama ulikuwa wa pili au wa mwisho. Usikisome kana kwamba kimesema. Na kabla ya kutuma, nakili masharti yenyewe kwenye jedwali: idadi ya maneno, aina ya faili, kama jina lisiandikwe kwenye muswada. Kazi inayokataliwa kwa kukiuka sharti humwumiza mwenye shaka bure, kwa sababu haikusomwa kabisa.

Jedwali la pili linatokana na ushauri wa Clance na Imes wenyewe, ambao waliwaelekeza wateja wao waweke kumbukumbu ya sifa wanazopewa pamoja na namna wanavyozikataa. Chora safu mbili. Kushoto andika maneno uliyoambiwa, neno kwa neno, na nani aliyasema. Kulia andika kisingizio ulichokitoa kichwani: "ananionea huruma", "hajui fasihi", "hakusoma mpaka mwisho". Usibishane nacho. Orodha ikifika kumi au kumi na tano utaanza kuona kwamba visingizio vinajirudia, vitatu au vinne tu, bila kujali aliyesema ni nani wala amesema nini. Mhariri wa miaka ishirini na jirani wa kupanga wanajibiwa kwa sentensi ile ile. Hapo mtu anatambua kwamba kisingizio hakihusiani na kazi iliyosifiwa.

Nije kwenye kasoro, maana zipo.

Kubwa ni kuchana. Katika daftari lililoshonwa karatasi moja ina majani mawili, moja upande huu wa uzi na jingine upande ule. Ukichana jani la tatu la kitita, pacha wake upande wa pili analegea na baada ya siku chache anachomoka, hata kama juu yake kuna aya bora uliyowahi kuandika. Ukishindwa kabisa kuuvumilia ukurasa, bana kingo zake kwa klipu ya karatasi uendelee mbele. Utaufungua baada ya mwezi.

Kalamu ikibanwa sana, maandishi yanachimba jani la chini, na kuandika upande wa nyuma kunakuwa kugumu. Kadi ngumu chini ya ukurasa inatosha. Pwani unyevu ni adui: jalada huota ukungu, na mende hupenda gundi ya mgongo. Lijalidi kwa karatasi ya kaki na nailoni juu yake kama tulivyokuwa tukijalidi shuleni, liweke wima mahali penye hewa, mbali na ukuta unaotoka jasho. Bara kwenye mchwa usiliache chini kwenye boksi.

Tatizo la faragha ni gumu zaidi. Nyumba zetu zina watu, na daftari kubwa la jalada gumu linamwita kila apitaye. Mwandishi anayejua kwamba shemeji anaweza kulifungua ataandika kwa ajili ya shemeji. Hapa simu yenye namba ya siri inaishinda kauntabuku, sina haja ya kuficha. Suluhisho la nusu ni kuandika juu ya jalada kitu kisichovutia, mathalani "Hesabu 2", au kulilaza kazini kwenye droo yenye kufuli. Na kwa kuwa nakala ni moja tu, kila Ijumaa piga picha kurasa za wiki kwa simu, juu ya meza karibu na dirisha, bila flashi, uzihifadhi kwenye folda yake. Daftari lililosahaulika kwenye daladala halirudi.

Halafu kuna kuchapa. Wengi huiona kazi mbili kwa moja, lakini kuchapa kutoka kwenye kauntabuku ndiyo rasimu ya pili, na ni rahisi kuliko kuhariri faili kwa sababu unapita kila neno kwa vidole. Kabla hujaanza, iondoe ile mistari myekundu. Kwenye Microsoft Word chagua maandishi yote, nenda kwenye lugha ya ukaguzi, weka alama kwenye chaguo la kutokagua tahajia na sarufi. LibreOffice, ambayo ni ya bure, ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Lugha ikiwekwa hiyo wekundu unapungua sana, ingawa vitenzi vyenye viambishi vingi bado vinaweza kupigwa mstari. Chapa ukurasa mzima wa daftari ndipo urekebishe. Ukimaliza weka alama ya vema juu ya ukurasa wa kulia.

Nimesema imezishinda nyingine, nieleze kwa kifupi. Daftari la zawadi lenye karatasi nene ni zuri kulishika, lakini bei na uzuri wake vinamfanya mtu asubiri sentensi inayolistahili, na sentensi hiyo haiji. Daftari la pini la kurasa 80 linafaa safarini; pini zake hushika kutu haraka pwani na jalada lake laini halivumilii mkoba. Daftari la waya linafunguka vizuri sana, ila ukurasa unachomoka kwa mvuto mmoja bila kuacha kidonda, kwa hiyo simpendekezei mtu mwenye mkono wa kuchana. Fulskepu zisizofungwa ndizo mbaya kuliko zote: zinapotea, zinafungiwa vitumbua. Kwa asiyeweza kuandika kwa mkono, ipo programu ya bure ya FocusWriter kwa kompyuta za Windows na Linux. Inafunika skrini yote, inaficha vitufe, na lengo la siku unaweza kuliweka kwa dakika badala ya maneno. Ni nzuri, ila kitufe cha kufutia bado kipo pale pale.

Sipendekezi kauntabuku kwa mwandishi wa habari mwenye saa mbili za kupeleka taarifa, wala kwa mwenye maumivu ya kiwiko au kifundo cha mkono. Pia haimtoshi mtu ambaye shaka yake haiishii kwenye kuandika. Kama usingizi umekata, chakula hakiliki, na kujidharau kumeenea kwenye kila jambo kwa wiki nzima nzima, hilo si suala la daftari. Muone daktari au mshauri wa afya ya akili, na kuandika kuendelee au kusubiri kwa ushauri wake.

Wala haichukui nafasi ya msomaji. Hadithi ikishakuwa na alama za vema, mpe mtu mmoja. Epuka anayekupenda sana na epuka mpinzani wako. Usimwulize "umeionaje?", kwa sababu swali hilo linaomba sifa au hukumu na vyote viwili vitaishia kwenye lile jedwali la visingizio. Mwulize: wapi ulipotea? Wapi uliruka mistari? Ulipomaliza ulibaki unataka kujua nini? Majibu yake yaandike upande wa kushoto, kwa kalamu ya rangi nyingine, mkabala na mistari husika, hata yale usiyokubaliana nayo. Wasomaji wawili wakipotea mahali pamoja, pana kasoro pale. Akipotea mmoja, soma tena kabla hujagusa.

Nunua ya pili ikiwa imebaki kurasa kama 20 katika ya kwanza, na uzipe namba kurasa zake siku hiyo hiyo, kwa sababu pengo la wiki mbili kati ya daftari na daftari linatosha kwa shaka kurudi ikakaa. Ile iliyojaa iandikie mgongoni tarehe ya kuanza na ya kumaliza, uiweke kwenye rafu inayoonekana kutoka unapoandikia.